Debe la Senge

Asubuhi nzima mama alikaa ghalani akichagua mahindi ya debe moja. Safari yenyewe naikumbuka kwa vipande, lakini picha hiyo ninayo nzima: mama amekalia gunia lililokunjwa, miguu ameinyoosha, ungo uko mapajani, anapeta na kuchambua punje kama mtu anayechambua mchele wa harusi. Punje zilizotobolewa na fukusi alizitupia kuku. Zilizovunjika aliziweka kando, hizo tungesaga sisi. Zilizobaki nzima, nyeupe na nzito, ndizo zilizoingia debeni.

Ilikuwa Agosti 1984, nami nilikuwa na miaka 12. Tuliishi nje ya Kitale, upande wa Kiminini, kwenye ekari nne ambazo baba alizipata kupitia kampuni ya wanunuzi wa mashamba, baada ya miaka mingi ya kufanya kazi kwa mzungu. Dada yake baba, ambaye sisi Wabukusu humwita senge, alikuwa ameolewa karibu na mji wa Bungoma, na wakati huo alikuwa mjane mwenye watoto watano.

Asiyeijua nchi yetu ni vizuri aelewe jambo moja kuhusu Agosti. Kitale iko juu, karibu mita 1,900, na mahindi yetu huchukua muda mrefu shambani. Hupandwa Machi au Aprili na kuvunwa Oktoba au Novemba, kwa hiyo Agosti tunakula ya mwaka uliopita. Bungoma iko chini, mita 1,400 hivi, na wenyewe huanza kuvuna Julai na Agosti. Kwa hiyo Agosti ndio mwezi wao wa kushiba, na miaka mingine sisi ndio tuliokuwa tukiwategemea wao. Lakini mwaka ule mvua ndefu, zile za Machi hadi Mei, zilikatika mapema sehemu kubwa ya Kenya, na shamba la senge likatoa magunzi yenye punje za kuhesabu.

Hakutuambia. Alimtuma msafiri mmoja na maneno mawili tu, "Senge anawasalimu." Mama alimpa msafiri chai, akamsindikiza hadi njiani, kisha akarudi na kumwambia baba, "Kwa senge kuna njaa." Baba alishangaa amejuaje. Mama alimkumbusha kwamba senge hakuwahi kutuma salamu peke yake. Siku zote salamu zake zilikuja na kitu, mkungu wa ndizi, simsim kwenye kibuyu, kuku. Safari hii salamu zilikuja mikono mitupu.

Ndipo kukawa na mjadala wa zawadi, mrefu kuliko mjadala wowote niliowahi kusikia baina yao kuhusu ng'ombe au karo. Baba alitaka tupeleke gunia zima. Mama alikataa. "Gunia hubebwa begani na mwanamume," alisema, "likapita mbele ya nyumba za watu. Kabla halijafika mlangoni, kijiji kizima kitakuwa kimejua nani ana njaa na nani amemletea."

Baba akasema, basi tupeleke mbegu, apande kwa mvua fupi. Hapo ilisema fahari ya mtu wa Kitale. Kampuni ya Kenya Seed ilianzia mjini kwetu mwaka 1956, na mahindi chotara ya 611 yaliyotoka mwaka 1964 yalizaliwa katika kituo cha utafiti cha hapo hapo Kitale. Baba alizitaja namba za mbegu kama wengine wanavyotaja majina ya watoto wao. Mama alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamuuliza kama ile 614 tuliyokuwa tukipanda sisi, inayokaa shambani miezi saba, ingekomaa kwa mvua fupi za Bungoma. Baba akanyamaza. Mama akaongeza kwamba mbegu za dukani zimepakwa dawa, na katika nyumba ya watoto watano wenye njaa hakuna mahali palipo juu vya kutosha pa kuificha pakiti ya mahindi yasiyolika.

Na sukari? Sukari, alisema mama, ndiyo ya kuonekana. Kiwanda cha Nzoia kilikuwa kimeanza kusaga miwa mwaka 1978, si mbali na kwa senge, lakini anayeishi karibu na miwa hununua sukari kwa bei ile ile ya sisi wengine. Basi tukachukua nusu kilo ya sukari na pakiti ya majani ya chai. Hizo mgeni huzishika mkononi akibisha hodi, kila mtu azione na asiulize. Zawadi yenyewe ilikuwa ndani ya debe, na juu ya mahindi mama alikunja leso, ikafunika kila kitu.

Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba zawadi ni moyo, kwamba chochote kinafaa. Mama hakuamini hivyo. Kwake zawadi ilikuwa kazi ya kuijua nyumba ya mtu: nani yuko jikoni, nani atapita akiangalia, mwenyeji atasema nini ukishaondoka. Alitumia siku mbili kwa debe moja.

Tulipanda matatu ya Peugeot, tumebanana, debe likiwa katikati ya miguu yangu. Njiani tulisikia chinyimba, zile njuga za wavulana wanaojiandaa kutahiriwa. Ulikuwa mwaka wa namba shufwa, na kwa Wabukusu tohara huwa Agosti ya miaka hiyo. Tuliwaona wakikimbia kando ya barabara na kundi la waimbaji, wakienda kuwaalika ndugu. Mtoto wa namna hiyo hufika pia kwa mjomba wake, khocha, ambaye humchinjia ng'ombe na kumvisha shingoni kipande cha nyama kinachoitwa luliki. Mama aliwatazama hadi walipopotea, akasema kwamba mwaka huu kuna khocha wengi wasiopata usingizi.

Karibu na mpaka wa wilaya palikuwa na kizuizi. Siku hizo mahindi yalisimamiwa na serikali, na kuyahamisha kutoka wilaya hadi wilaya kulihitaji kibali, isipokuwa mzigo mdogo wa chakula cha nyumbani. Udhibiti huo ulidumu hadi mwisho wa 1993, na sisi watu wa Trans Nzoia tuliuishi kila siku: ghala limejaa, na jamaa yako aliye safari ya saa mbili hana kitu. Lakini udogo wa mzigo uliamuliwa na macho ya aliyesimama barabarani. Askari aliinua leso, akaingiza mkono katika mahindi hadi kwenye kiwiko. Akauliza yanakwenda wapi.

"Ni debe la mwenyewe," mama alisema. "Alinikopesha, namrudishia."

Askari alimtazama, akanitazama mimi, akafunika leso. Tulipopita nilitaka kumuuliza mama ni lini tulikopa mahindi Bungoma. Uso wake haukuwa uso wa kuulizwa.

Tulifika jua likishuka. "Hodi hapa!" Senge alitoka akikimbia, mikono yake ina maji, akatusalimu mulembe, akaishika mikono ya mama na hakuiachia. Sukari na majani ya chai alivipokea kwa mikono miwili pale uani, jirani mmoja akiwa amesimama kwenye ua wa miti. Debe nililipeleka moja kwa moja jikoni kama nilivyoagizwa, nikaliweka nyuma ya mlango.

Mama hakulitaja hadi giza lilipoingia, watoto wako nje na jikoni tumebaki watatu. Hapo aliondoa leso. Mwanga wa moto uliangukia zile punje alizozichambua. Senge aliinamisha kichwa, na nikaona taya lake likikaza kama mtu anayetaka kulia au kukataa. Mama hakumpa nafasi ya lolote kati ya hayo mawili.

"Senge," alisema, akimwita kama tulivyomwita sisi watoto, "nimechelewa sana na deni lako. Ule mwaka tulipohamia Kitale hatujavuna, ulinipa debe. Nimeona haya kuja nalo baada ya miaka yote hii, ila nimeona heri kuchelewa."

Senge alikaa kimya muda mrefu, akisukuma kuni motoni. Hatimaye akasema, "Nilikuwa nimeshasahau."

"Mimi sikusahau."

Usiku ule hatukula mahindi yale. Tulikula ugali wa mtama na muhogo kwa mrenda, na senge aliomba radhi, akasema tumefika kuku wakiwa wameshalala. Tulikula na kusifu. Tulipolala niliwasikia wakizungumza hadi usiku mkubwa, mara wakicheka.

Kwetu chombo cha mgeni hakirudi kitupu. Asubuhi senge alikuwa ameshamimina mahindi mahali pengine, amelipangusa debe kwa kitambaa, na ndani yake amemweka kuku mzima, tetea wa kahawia, miguu imefungwa kwa ukambaa wa mgomba, kichwa kimechungulia nje. Nilimtazama kuku, nikawatazama watoto wa senge, na nikasema kwa sauti, mbele ya wote, "Mama, tuwaachie huyu, si atawatagia mayai?"

Mkono wa mama ulinishika begani. Haukuwa mzito, lakini nilijua. Alipiga goti kidogo, akapokea debe kwa mikono yote miwili, akamsifu kuku: uzito wake, kifua chake, jinsi anavyofanana na kuku wa mama mkwe. Senge alisimama wima kuliko nilivyomwona jana yake. Alitusindikiza hadi barabarani, debe akilibeba yeye mwenyewe kichwani, akipita mbele ya zile nyumba zote.

Ndani ya matatu mama aliniambia, bila hasira, "Umekataa cha mtu mbele ya watoto wake. Umewaambia kwamba mama yao hana." Halafu hakulizungumzia tena. Tulipita Webuye, bomba la kiwanda cha karatasi likitoa moshi mweupe. Karibu na Misikhu aliinama, akakifungua kitambaa chekundu kilichokuwa kimefungwa mguuni mwa kuku, akakifunga kwenye pindo la leso pamoja na sarafu zake. Nilidhani amekipendea rangi.

Miezi iliyofuata mahindi ya manjano kutoka ng'ambo yaliingia madukani, watu wakayapangia foleni huku wakiyalalamikia harufu. Mvua zilirudi, na senge akaanza tena kutuma salamu zenye vitu.

Mimi sasa ndiye ninayetembelewa. Wanangu na wakwe zangu huniletea soda, mikate, biskuti za duka kubwa zikiwa bado na kibandiko cha bei. Wasiofika hunitumia pesa kwa simu, na nashukuru, maana pesa hizo zimenilipia dawa. Lakini simu ikilia nikiwa peke yangu na kusoma kiasi, hakuna mtu wa kumtazama usoni, hakuna debe la kupangusa, na sijui nirudishe nini. Nimewafundisha wajukuu jambo moja tu: mkienda kwa watu, ulizeni kwanza nani anapika, si nani anawakaribisha sebuleni. Wengine wanashika.

Mama alifariki mwaka 2011. Senge, mzee sana, aliletwa Kitale kwa gari na wanawe akakaa nasi siku zote za matanga. Jioni moja nilimpelekea chai chini ya mti. Alinishika mkono.

"Wewe si ndiye uliyetaka kuniachia kuku?"

"Ndiye, senge. Unisamehe."

"Mama yako hakuwahi kukopa debe kwangu," alisema. "Mwaka mliohamia Kitale mimi mwenyewe sikuwa na kitu. Nililala macho nikilitafuta deni hilo, nisilione. Alfajiri nikaelewa. Nikapima gorogoro tatu za yale mahindi yake mazuri, nikampeleka mwanangu kwa jirani, akarudi na kuku. Kuku hakuwa wangu. Nimekaa na jambo hilo miaka yote. Nashukuru tu kwamba mama yako hakujua."

Kila nyumba huwafunga kuku wake alama, wasichanganyike na wa jirani. Nilikuwa mtu mzima nisiyehitaji kuelezwa. Nilimweleza senge kuhusu kitambaa chekundu, na pindo la leso.

Aliweka kikombe chini.

"Alikifungulia wapi?"

"Misikhu. Tukiwa bado njiani."

"Kwa hiyo baba yako hakukiona."

"Hakukiona, senge."