Jipu la Baba

Nyuma ya nyumba ya marehemu baba yangu, hapa Pangi, chini ya mti wa avoka, jipu moja lilikaa zaidi ya miaka 35 bila kusogea. Mgeni angeliona ni rundo la chuma tu, lenye rangi ya buluu iliyopauka, lisilo na viti wala taa, na mpapai umechomoza pale dereva anapoweka miguu. Kuku walitagia ndani ya boneti. Sisi watoto tulicheza humo tukijifanya tunasafiri kwenda Kindu, na watoto wangu wakafanya vivyo hivyo baada yetu. Mama hakulipenda kamwe. Katika lugha yetu jipu ni gari na jipu ni uvimbe wa usaha, naye alizoea kuwaambia wageni kwamba nyumba yake ina jipu lisiloiva.

Baba alilinunua mwaka 1974 kwa mkandarasi mmoja mgeni aliyekuwa akifunga mizigo yake. Mwishoni mwa mwaka 1973 Rais Mobutu alikuwa ametangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatatwaliwa na wenyeji, na wengi waliuza haraka walivyokuwa navyo. Kwa miaka kumi hivi baba alibeba mchele, mafuta ya mawese na wagonjwa. Kisha vipuri vikakosekana, barabara ikamezwa na majani, na jipu likaegeshwa.

Mwanangu wa kwanza ndiye aliyelifufua shauri hilo. Alikuwa amerudi kutoka Kindu na cheti chake cha ufundi wa motokari, bila kazi, akakaa barazani miezi mitano. Mimi ni mwalimu. Nimezoea kusema, naye amezoea kunyamaza. Nilikuwa nimeanza kusikia kwamba anataka kwenda kuchimba kasiterite upande wa Kalima pamoja na wenzake. Basi Jumamosi moja, baada ya mafundisho ya komunyo ya kwanza, nilimkuta ameng'oa mpapai na kuwafukuza kuku. Sikumwuliza neno. Nilivua shati la mafundisho, nikashika spana.

Tangu siku hiyo Jumamosi alasiri ikawa ya jipu. Binti yangu mdogo alipewa daftari, akaandika kila bolti iliyotoka, imetoka wapi, na imewekwa katika mkebe upi. Nakiri kwamba pasipo daftari lile tungekuwa bado tunatafuta.

Nalo chuma lilikuwa na mambo ya kutufundisha. Baba maisha yake yote aliliita Willys, nasi tukaliita hivyo. Mwanangu alihesabu matundu marefu ya uso wa mbele, akakuta tisa. Jipu la kiraia lililoanza kuuzwa mwaka 1945 lina matundu saba. Lenye tisa ni la jeshi. Kisha, alipoondoa kutu juu ya vichwa vya bolti, akaona herufi F. Kampuni ya Ford ilipopewa kazi ya kutengeneza jipu lilelile kwa mchoro wa Willys wakati wa vita, iligonga herufi yake juu ya vipuri vyake, hata bolti. Kumbe tulikuwa na Ford! Kwa miaka yote hiyo baba alikuwa amemsifu mzazi asiye wake. Katika vita ile, viwanda hivyo viwili vilitoa magari ya namna hiyo yapatayo 640,000, yote yenye injini ya silinda nne na nguvu za farasi 60 tu, pungufu ya motokari ndogo nyingi za leo.

Rejeta ilikuwa imeoza penye maungio, ikabidi kulehemu. Hapa naomba niseme jambo lililonichoma. Waya wa kulehemu ni bati lililochanganywa na risasi. Bati hutoka katika kasiterite, na kasiterite ndiyo iliyoijenga Kalima. Japani ilipoiteka Malaya mwaka 1942, mataifa yaliyokuwa yakipigana nayo yalipoteza chemchemi kubwa ya bati, na madini ya Kongo, pamoja na ya Maniema yetu, yakatafutwa sana. Huenda chembe za mlima wetu zilikwenda Marekani zikarudi ndani ya rejeta kama ile. Lakini sisi, tunaokanyaga mawe hayo kila siku, tulinunua waya wetu sokoni, kipande chenye urefu wa dhiraa moja, kutoka ng'ambo. Mwanangu aliutazama mkononi kwa muda. Habari ya Kalima hakuitaja tena, nami sikuitaja.

Miezi ya kwanza ilikwenda kwa klachi, kabureta na platini. Sitawachosha. Tangi la mafuta, lililo chini ya kiti cha dereva, lilikuwa limetoboka kama chujio, tukaliweka kando. Umeme wa jipu hili ni wa volti 6, na betri zinazouzwa kwetu ni za volti 12, za pikipiki na za taa za jua, tukabadili koili.

Kisha tukafika kwenye mwili, kuukwangua kwa msasa. Chini ya buluu ilitokea rangi ya kijani, ile ya jeshi, iliyofifia lakini ingali imeshika. Mwanangu alifurahi mno. Alikuwa ameona katika simu yake picha za Normandy, kule Ufaransa, ambako kila mwezi wa Juni wapenzi wa magari haya hukusanyika kukumbuka mwaka 1944, na magari yao yana kijani na nyota nyeupe juu ya boneti. Akasema kitu cha kale kirudishwe kama kilivyotoka kiwandani. Kukipaka rangi nyingine ni kukidanganya. Nami nilikubaliana naye. Ndiyo kanuni niliyowafundisha wanafunzi wangu wa historia: shahidi aachwe aseme kama alivyo.

Jioni ile mama alipita akienda kuchota kuni. Aliona ubavu wa kijani, akasimama. Aliweka kikapu chini, akarudi ndani, na hatukumwona tena mpaka asubuhi.

Baada ya siku mbili alituita sote. Alisema kwamba mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 15, alikuwa akikaa mjini Kindu kwa kaka yake mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi. Wakati wa Wasimba, kujua kusoma na kuandika Kifaransa kulitosha kumfanya mtu ashukiwe. Jipu la kijani, waliloliteka kwa jeshi, lilisimama mbele ya mlango. Vijana wenye majani kichwani walimwambia kaka yake apande aende kutoa maelezo. Alikuwa anakula. Alinawa mikono, akampa mama yangu sahani amshikie, akapanda.

«Nilishika sahani ile mpaka usiku,» alisema mama.

Mwanangu akauliza kwa sauti ndogo: «Koko, mbona basi ulikubali babu alete jipu hapa?»

«Babu yako alikaa nalo siku tatu kwa rafiki yake kabla ya kulileta. Alilipaka rangi ya milango ya shule. Hakuniambia kwa nini, nami sikumwuliza. Nilijua.»

Vijana wapendwa, nimefundisha habari za mwaka 1964 kwa zaidi ya miaka 20. Niliandika ubaoni kwamba Wasimba waliingia Kindu mwezi wa Julai, na kwamba jeshi la serikali pamoja na mamluki wa kigeni waliurudisha mji mwezi wa Novemba. Kila tarehe 1 Desemba niliwaeleza wanakatekesimu juu ya Mwenye Heri Anuarite, aliyeuawa kule Isiro mwaka uleule. Kisha nilirudi nyumbani, na mama akanipakulia chakula. Sikupata kumwuliza alikuwa wapi mwaka huo. Jina la mjomba wangu nililijua. Niliambiwa alikufa zamani, nikaridhika.

Juu ya rangi tulibishana bado majuma mawili, kwa upole zaidi. Mwanangu hakuwa mtu wa kushindwa upesi, na hoja yake haikuwa mbaya. Binti yangu ndiye aliyetaja jambo ambalo sisi wanaume hatukulifikiri: gari la kijani cha jeshi, lenye raia ndani yake, litapitaje kwenye vizuizi vya barabarani? Nani atapata nafasi ya kueleza habari za Normandy kwa askari mwenye bunduki? Tukacheka, ila kicheko hakikudumu.

Mwishowe tuliambiwa la kufanya na mama mwenyewe. Alitaka buluu irudi nje yote. Lakini ndani ya boneti, mahali ambapo hapaonekani mpaka mtu afungue, alisema paachwe kijani, pasiguswe. Mwanangu alimwuliza sababu. Alijibu kwamba yeye ndiye aliyeombwa ruhusa, si aliyeombwa sababu.

Jumamosi ya pili ya mwezi uliopita tulijaribu kuliwasha. Tulifunga chupa ya esansi juu ya kioo, mpira ukashuka mpaka kwenye kabureta. Mwanangu alichomeka manivela mbele, akanionyesha jinsi ya kuishika, kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine, kwa sababu injini ikirudi nyuma huvunja mkono. Nilizungusha mara saba bure. Akanipokea. Mara ya tatu likakohoa, moshi mweusi ukatoka, kuku wakaruka ukuta, na injini ikashika. Watoto wa jirani walipiga vigelegele. Mimi na mwanangu tulipigiana kelele kwa furaha juu ya mngurumo ule, sijui tulisema nini.

Mama alitoka na fimbo yake mpaka kwenye kizingiti. Alisikiliza kwa muda mrefu, kichwa kimeinama. Nilimwashiria mwanangu azime, lakini mama akainua mkono kumzuia. Kisha akakaribia, akaweka kiganja juu ya boneti iliyokuwa ikitetemeka, akauliza kama jipu linaweza kufika Kindu. Kuna barabara moja huko ambayo hajapita tangu wakati ule.

Mwanangu alimjibu ukweli. Breki ni za majimaji, na gurudumu la nyuma la kushoto linavuja. Kikombe chake cha mpira kimekwisha, na Kindu hakipatikani. Ameagiza kutoka Lubumbashi, kije kwa reli, siku treni itakapokuja. Ni kipande chenye upana wa kidole gumba.

Mama alisema atangoja. Kila Jumamosi huuliza kama kimefika, na binti yangu humfungulia daftari kumwonyesha mstari ambao bado haujawekewa alama.