Madumu Chini ya Ukingo

Niliifunga demani, kamba ya tanga, kwa fundo. Kosa hilo ni langu peke yangu. Ulikuwa msimu wa kusi, tumetoka Nungwi watu watatu, tunakwenda joshi, tukiukabili upepo, kuelekea Mnemba kwa mashua ya kwanza niliyoiunda kwa mikono yangu. Ami yangu aliyenifundisha ufundi alikuwa ameniambia zamani: "Demani hushikwa, mwanangu, haifungwi." Upepo ulipokaza ghafla, fundo lilikuwa limelowa, vidole vikashindwa kulifungua. Maji yakaingia upande uliolala, na yakishaingia hayakai katikati. Yanakimbilia huko huko kwenye ubavu ulioinama na kuuzidishia uzito. Magunia ya mchanga, farumi yetu, nayo yakateleza. Mashua ikapinduka.

Ndani nilikuwa nimefunga madumu sita matupu ya lita 20, nikiamini yatatuokoa. Kweli hatukuzama. Lakini niliyafunga chini kabisa, juu ya mataruma kando ya mkuku, na mashua ilipojaa maji yaliusukuma mkuku kwenda juu. Ikabaki chali, mlingoti ukielekea chini. Hatukuweza kuigeuza wala kufua maji. Tulikaa tumekumbatia mkuku mpaka ngalawa ya Matemwe ilipotuokota.

Tulipoikokota pwani na kuitengeneza, nilisubiri maji kujaa, nikaijaza maji kwa makusudi, yakinifika kifuani. Safari hii madumu niliyafunga chini ya ukingo, matatu kila upande. Mashua ilizama hadi ukingoni ikasimama wima, ikitikisika tu. Nikaikandamiza ubavu mmoja. Madumu ya upande ule yakazama, yakaisukuma kurudi. Dumu moja la lita 20 huinua karibu kilo 20 likiwa lote ndani ya maji. Kwa mbao zinazoelea zenyewe, hicho kilikuwa kitu kikubwa. Nilipanda ndani na ndoo, nikafua maji nikiwa nimesimama. Nililia, sioni haya kusema.

Tangu hapo mashua haitoki mikononi mwangu bila madumu juu na farumi iliyobanwa kwa mbao. Wavuvi hulalamika kwamba yanakula nafasi ya samaki. Nawaelewa, ila sikubali.

Kila dumu nalizamisha kwanza na kulibana kwa magoti, nikitazama mapovu kwenye kifuniko. Juzi dumu moja lilitoa mapovu, nahodha yuko tayari, maji yameanza kutoka. Akaniambia, "Fundi, bamvua halingoji." Nikamwomba akae kwenye mchanga, nikaenda kutafuta jingine.