Sindano Anaiona, Jiko Halioni

Mtaani kwetu Temeke watu walisema baba mdogo kaanza maringo. Unampungia mkono kutoka ubavuni, anapita zake. Wengine wakasema pombe hiyo, maana alikuwa akijikwaa kwenye ndoo na majiko ya mkaa ya watu. Lakini yeye ni fundi cherehani, na uzi aliutunga kwenye sindano mara moja tu. Mtu wa namna hiyo utamwambiaje akapime macho?

Hospitali wakakuta presha ya macho, yaani glakoma. Mshipa unaopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo ulikuwa unakufa kidogo kidogo. Mara nyingi ugonjwa huu huanza kula pembeni, katikati huachwa mwisho. Hauumi, hauwashi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, ila hapa hata ukuta haujengeki: kilichopotea hakirudi. Mtoto wa jicho huondolewa mtu akaona tena; huyu, matone ya kila siku yanalinda kilichobaki tu.

Daktari akataka ndugu wa damu nasi tupimwe, kwa sababu ugonjwa hutembea kwenye ukoo, na sisi watu weusi hutuwahi mapema kuliko Wazungu. Nikaenda. Kwanza ule ubao wa herufi, uliobuniwa na Mholanzi Herman Snellen mwaka 1862, ukiwa mita 6 mbele yangu. Ubao huo unapima katikati ya jicho. Baba mdogo mwenyewe aliusoma vizuri. Kwa hiyo wakanipima na presha. Nikabonyeza kitufe kila nukta ya mwanga ilipowaka pembeni. Mwisho wakanitia matone ya kupanua mboni, wakamulika mshipa kule nyuma. Gazeti sikulisoma mpaka jioni. Nilikutwa salama, nikaambiwa nirudi kila mwaka.

Washikaji wananiuliza, "Wewe si unaona poa tu, unafuata nini kule?" Nafuata kile ambacho siwezi kukiona mwenyewe.

Halafu sisi tunaotaka kuandika, visa vyetu tunaviokota wapi? Pembeni. Watu wote wanamtazama bi harusi, wewe unamwona shangazi anafuta chozi nyuma ya mlango. Huko huko pembeni ndiko ugonjwa huu unakoanzia. Asubuhi moja kwa mwaka na nauli ya daladala, mimi naona si bei kubwa.