Kutoka Vilima vya Mbooni Hadi Mifereji ya Mombasa

Ukitaka kuijua Ukambani, msomaji, usiishie kwenye barabara kuu ya Mombasa. Panda matatu mjini Machakos, shika njia ya Kikima, upande hadi vilima vya Mbooni, ambako masimulizi ya Wakamba husema mababu zao walifanya maskani tangu zamani. Nenda na sweta! Baridi ya huko itakushangaza wewe uliyezoea kusikia kwamba Ukambani ni jua na njaa tu. Mashamba yamekatwa matuta, kahawa na migomba imesitawi.

Vijito vya vilima hivi huteremka hadi mto Thwake, nao Thwake huungana na Athi mpakani mwa Makueni na Kitui. Wakati wa kiangazi Thwake huwa mchanga mtupu, lakini usidanganyike. Akina mama hufukua mchanga huo, wakangoja maji yachimbuke, kisha wakayateka kidogo kidogo hadi mtungi ukajaa.

Karibu na makutano hayo ndipo ujenzi wa Bwawa la Thwake ulipoanza mwaka 2018. Mpango ni ukuta wa mita 80.5, maji zaidi ya mita za ujazo milioni 680 ya kunywa na kunyunyizia mashamba, na umeme wa megawati 20. Nani wa Makueni atakataa?

Ila mto hauishii hapo. Athi ukikutana na Tsavo huitwa Galana, na ukikaribia bahari huitwa Sabaki. Huko chini, mahali paitwapo Baricho, visima vilivyochimbwa katika mchanga wa Sabaki hupeleka maji Malindi na Mombasa. Basi mama wa Thwake na mpangaji wa Mombasa wote hunywa kutoka mchangani, na mchanga hujazwa maji na mto unaopita juu yake.

Jirani yetu Tana ametuonyesha mambo. Tangu Bwawa la Masinga likamilike mwaka 1981, mafuriko madogo ya msimu, yaliyonywesha mpunga wa Wapokomo na malisho ya Waorma, yalipungua. Lakini mvua zilipozidi, mwaka 2018 na tena 2024, Masinga lilijaa likamwagika, na watu wa Garissa na Tana River wakahama makwao. Kidogo wanachokihitaji hawakipati, kingi wasichokitaka wanaletewa!

Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inataka itengwe akiba kwa mahitaji ya lazima ya binadamu na uhai wa mto. Kwa Thwake, nionavyo, akiba hiyo ni maji yanayoachiliwa kila siku, hata kiangazi, hata saa ambazo umeme hauhitajiwi. Msimu wa mvua yafunguliwe kwa wingi kiasi cha kulowesha mchanga hadi Baricho, na redio zitangaze mapema, watu watoe mifugo kingoni.