Nyumba Inayofiwa na Wachanga Isihukumiwe

Katika matanga ya watoto wachanga, kuanzia Vudee hadi Gonja, tumesikia mara nyingi minong'ono ile ile: mama huyu ana mkosi, au pana jicho la mtu. Msiba ukijirudia katika nyumba moja, minong'ono hugeuka hukumu, na mwanamke hurejeshwa kwao.

Yapo maradhi adimu ya kurithi, ambayo madaktari huyaita kwa ufupi HLH. Farquhar na Claireaux waliyaeleza mwaka 1952, walipochunguza vifo vya wachanga wa tumbo moja. Kinga ya mtoto huyo hushindwa kuua chembe zilizoingiliwa na virusi. Mwaka 1999 ilibainika kwamba baadhi ya wagonjwa wana kasoro katika protini ya perforini, ambayo ndiyo silaha yenyewe. Kwa kuwa adui hafi, kinga haitulii, bali hugeuka na kudhuru ini, bandama na damu. Kinachoiwasha mara nyingi ni kirusi cha Epstein-Barr, ambacho wengi wetu tunacho pasi na madhara. (Kiligunduliwa mwaka 1964 katika uvimbe wa wagonjwa wa Uganda, aliowatibu Dkt. Burkitt.)

Homa isiyokoma, bandama kuvimba, damu kupungua: nani kati yetu asiyedhani ni malaria? Na mara nyingi huwa ndiyo, basi itibiwe upesi. Lakini homa isiposhuka, mzazi amwambie daktari waziwazi kwamba wamekwisha kuzikwa wengine kabla ya huyu. Tunajua ulimi huwa mzito kulitamka hilo. Hata hivyo ni habari inayoweza kumpeleka mtoto KCMC, Moshi, mapema. Zipo dawa za kuituliza kinga, na tiba ya kudumu ni kupandikizwa uboho, jambo la gharama kubwa kwa mkulima wa tangawizi.

Kuhusu lawama, aina nyingi za maradhi haya hurithiwa kwa baba na mama kwa pamoja, wote wawili wakiwa wazima wa afya. Kila mimba huwa na nafasi 1 kati ya 4. Anayemwacha mkewe ili atafute tumbo lenye heri anaondoka na nusu ya kasoro mwilini mwake. Ndoa ya binamu ni halali, wala hatuna mamlaka ya kuiharamisha. Ila ukoo uliofiwa na wachanga kadhaa, posa ya mtoto wa ami au wa mjomba ikiletwa, wazee waulizane kwanza walizikwa wangapi, na kwa homa ya namna gani.