Kisu Tulichokabidhiwa Kwanza



Wazee wetu na vijana wenzetu, tulipoondoka Mombasa likizo ya Agosti, wanafunzi 14 pamoja na ustadhi wetu na mwalimu mmoja wa kike, nia yetu ilikuwa kufika Mbale, nchini Uganda. Huko ndiko kiliko Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, kilichofunguliwa mwaka 1988 kwa juhudi za jumuiya ya nchi za Kiislamu, OIC. Baadhi yetu tulikuwa na azma ya kusoma huko. Kwanza, iliyo kaskazini ya mji wa Kitale, kwetu ilikuwa kituo cha kupumzikia tu, siku mbili katika nyumba za wenyeji. Hata jina lake tulilifanyia mzaha njia nzima: kwanza Kwanza, kisha Uganda.

Tulifika jioni ya siku ya pili, tumechoka na tunatetemeka. Kitale iko mita zipatazo 1,900 juu ya usawa wa bahari, na wengi wetu tulikuwa tumefunga vikoi na kanzu nyepesi katika mikoba yetu. Mahindi mabichi yalisimama pande zote za barabara kuliko upeo wa macho yetu, na upande wa magharibi Mlima Elgon ulikuwa umejifunika mawingu.

Hatuna budi kuungama yaliyotokea usiku ule. Mama mwenye nyumba, Mbukusu na Mkristo, alituandalia ugali, sukuma na kuku. Tuliingiwa na shaka juu ya nyama, na shaka hiyo haikuwa kosa. Kosa letu lilikuwa kwamba hatukuuliza. Tulisema tumeshiba, tukaaga, kisha tukafunga mlango wa chumba na kula mkate na tende tulizotoka nazo nyumbani. Hata ugali na mboga, ambavyo havikuwa na shaka yoyote, hatukuvigusa.

Asubuhi mzee wa nyumba alimwendea ustadhi na kumwuliza jambo moja: “Wajukuu hawa nimewakosea nini?”

Tuliona haya. Ustadhi alimwomba radhi kwa niaba yetu, akamweleza habari ya kuchinja na masharti yake. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Basi mngesema. Hili ni jambo dogo.” Alikwenda mwenyewe bandani, akarudi na jogoo kwa mkono mmoja na kisu kwa mkono wa pili, akamkabidhi mmoja wetu. Akauliza Makka iko upande gani. Kwetu pwani wazee wameizoea kibla kuwa ndiyo kaskazini, na pale Kwanza ni karibu vivyo hivyo, ila imeinama kidogo mashariki. Tulisimama mlima ukiwa kushotoni mwetu, tukalitaja jina la Mwenyezi Mungu na kuchinja. Mama aliosha sufuria upya mbele ya macho yetu bila ya kuombwa. Mchana, chakula kilipoletwa, firigisi iliwekwa mbele ya ustadhi, maana katika desturi za huko kipande hicho ndicho heshima ya mkubwa.

Alasiri mzee alifuatana nasi hadi Kitale. Tulizuru makumbusho ya taifa, ambayo yalianza mwaka 1926 kwa mikusanyo ya mlowezi mmoja wa Kiingereza, kisha tukaonyeshwa mahali penye mawe yaliyopangwa kwa duara. Wenyeji husimulia kwamba ndani ya duara lile watumwa walikuwa wakizuiliwa, misafara ilipopita ikitoka pande za Uganda kuelekea pwani. Mzee alisema kwa sauti ya chini kwamba, alipokuwa mtoto, wakubwa wake walimhadithia jinsi watu walivyokuwa wakiwaficha watoto waliposikia kwamba watu wa pwani wanakuja.

Mmoja wetu aliharakisha kujibu kwamba misafara hiyo hiyo ndiyo iliyoleta Uislamu Mumias, katika baraza la Nabongo Mumia, ambaye baadaye alisilimu. Ni kweli, na hapana anayeweza kuikana. Mzee aliitikia kwa kichwa. “Vyote viwili vilikuja kwa njia moja,” akasema.

Tulinyamaza. Tulikumbuka kwamba asubuhi ile ile mtu huyu, aliyelelewa kwa hadithi zile, alikuwa amempa kijana wa pwani kisu mkononi, ndani ya ua wake, ili mgeni ale kwa raha.

Siku iliyofuata tuliteremka Bungoma, tukavuka mpaka pale Malaba kwa vitambulisho vyetu vya taifa, tukapita Tororo hadi Mbale. Mlima ule ule sasa ulikuwa mashariki yetu, na huko huitwa Masaba. Sokoni watu waliamkiana “mulembe”, neno lile lile tulilofundishwa Kwanza, nalo maana yake ni amani, kama ilivyo salamu yetu. Wagisu wa Mbale na Wabukusu wa Bungoma na Kitale ni ndugu wa asili moja, waliogawanywa na mpaka wa kikoloni. Tulipoletewa malewa, yaani machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga, tuliuliza kwa adabu yamepikwaje, tukajibiwa kwa furaha, nasi tukala.

Chuo tulikiona, na baadhi yetu tumekwisha kuandika maombi. Yatosha kusema kwamba humo Waislamu wa nchi nyingi husoma pamoja na wasio Waislamu. Suratul Hujurat tuliihifadhi chuoni tungali wadogo, na habari ya mataifa na makabila kujuana tulikuwa tukiisoma kwa ufasaha. Kwanza ndiko tulikopewa mtihani wake, tukaanguka usiku wa kwanza.

Tuliporudi kuaga, tulimwomba mama radhi sisi wenyewe, bila ya kumtanguliza ustadhi. Alitufungia mahindi ya kuchoma ya njiani. Nasi tukawaalika wajukuu wawili wa nyumba ile waje Mombasa likizo ya Desemba, waione bahari ambayo hawajawahi kuiona.

Hao si Waislamu. Watakuja na mazoea yao na maswali yao, na pengine na hadithi za babu yao juu ya watu wa pwani. Tunawaomba wazazi wetu, katika nyumba mtakazoona zina nafasi, mtufungulie milango, ili watakaporudi Kwanza wawe na la kumwambia mzee.

Wabillahi tawfiq.