Mwuguzi na Barua Zake

Barazani watu husema kwamba wauguzi wa siku hizi hawana huruma, wanachotaka ni mshahara tu. Neno hili ni jepesi kulisema. Lakini wako wataalamu waliokwenda kuwauliza wenyewe, na majibu waliyorudi nayo ni mengine.

Mwaka 2006 Inke Mathauer na Ingo Imhoff walitangaza uchunguzi wao wa Kenya na Benin. Walizungumza na madaktari na wauguzi wa mashambani, wa Serikali na wasio wa Serikali. Jambo lililowavunja moyo sana lilikuwa dhamiri zao kukosa kuridhika: wamefundishwa namna ya kumwuguza mgonjwa, kisha wamewekwa mahali pasipo vifaa vya kutosha, chini ya usimamizi usiowafaa.

Niliposoma hayo nilimkumbuka bibi mmoja, mwuguzi wa zahanati ya mashambani. Katika mtoto wa meza yake alikuwa na nakala saba za barua za kuomba glavu na mashine ya kupimia shinikizo la damu. Sisi makarani twajua barua kama hizo hulala wapi. Hupigwa mhuri, huandikwa katika daftari, hutiwa katika faili, na kazi ya ofisi huonekana imekwisha. Hakuna aliyemjibu hata "hapana". Hilo "hapana" lingalimfaa, maana angalijua aombe kwingine. Msimamizi alipokuja alikagua kitabu cha wagonjwa, akamkemea kwa safu iliyojazwa vibaya, akapanda gari akaenda zake.

Huko Zambia wachunguzi walijaribu jambo la ajabu kidogo, wakaliandika mwaka 2014. Mjini Lusaka vinyozi na wasusi walipewa kazi ya kuuza mipira ya kike ya kukinga UKIMWI. Baadhi yao walilipwa fedha kwa kila pakiti. Wengine walipata nyota tu, iliyobandikwa kwenye bango dukani, wateja waione. Wenye nyota waliuza mara mbili ya wenzao.

Najua bahili akisoma hapa atafurahi. Asifanye haraka. Vinyozi wale walikuwa na riziki yao ya kila siku katika nywele, na nyota hainunui unga. Tena katika nchi hiyo hiyo, mwaka 2010, Serikali ilipoajiri wasaidizi wa afya wa vijijini, matangazo mengine yaliwaita watu waje kuwatumikia jirani zao, na mengine yaliwaita waje wapate kupanda vyeo. Wale walioitwa kwa vyeo walizuru nyumba nyingi zaidi, kwa kiasi cha asilimia 29. Basi mtu kutaka kuendelea si dalili ya kukosa huruma.

Kwetu Kenya wahudumu wa afya wa vijijini walifanya kazi miaka mingi kwa kujitolea. Septemba 2023 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu zaidi ya 100,000, malipo yao yakiwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka Serikali Kuu na nusu kutoka kaunti. Walipewa pia mikoba yenye vyombo vya kupimia. Kwa maoni yangu mkoba ule si kitu kidogo: mama wa kijiji akiingia uani na mashine ya shinikizo la damu, hata wazee humpisha kiti. Kuhusu malipo nina wasiwasi wa kikarani, kwa kuwa fedha za masanduku mawili ni nadra kufika siku moja.

Kaunti zinapoita wananchi kutoa maoni juu ya makadirio ya fedha, wengi wetu huuliza ni wauguzi wangapi wataajiriwa. Mimi ningependa mkulima mmoja asimame aulize pia ni barua ngapi za zahanati yake zilizofika makao makuu mwaka uliopita, na ni ngapi zilizojibiwa. Jibu limo katika daftari, kwa maana daftari hizo ni sisi tunaoziandika.